Madhara ya mionzi yanayokuja miaka baadaye: kuosha, kuchoma, kugeuza njia au kuacha?

Mama alifungua sashe nyeusi, ile ya kubebea nyanya, akatoa kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne. Katikati kulikuwa na damu nyekundu, mbichi, kama ya kuku aliyechinjwa sasa hivi. "Mwanangu," akaniambia, "ile ugonjwa imerudia."

Ilikuwa imepita miaka miwili na nusu tangu amalize mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi huko hospitali ya Kanombe, Kigali. Kabla ya kunifikia alikuwa amepita kwenye kituo kimoja cha mtaani, hapa hapa Bukavu, Kongo, wakamwambia ni bawasiri na kumpa marhamu. Yeye alisema saratani, wao wakasema bawasiri, na wote walikosea. Kilichovuja ni utumbo wake wa mwisho, ule ulio nyuma ya kizazi, ambao ulikula mionzi bila kuwa na kosa lolote.

Mimi ni muuguzi, ingawa huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni munganga. Wanawake wengi zaidi wanarudi sasa kutoka Kigali, Kampala na Nairobi wakiwa wamepona saratani, na wengi wataishi vizuri tu. Wachache, miezi au miaka baadaye, hupata mambo ambayo hawakuambiwa, au waliambiwa siku ile kichwa kimejaa hofu. Wakifika hospitali, mmoja anawaambia hivi, mwingine anawaambia vile. Ndiyo maana naweka hizo njia kando kwa kando hapa, nikisema wazi ipi ningeianza mimi na ipi ningeikimbia.

Nyama iliyopigwa mionzi

Kuhara na mkojo wa kuchoma wa zile wiki za mionzi huisha taratibu. Madaktari wameweka mpaka wa miezi 3 hivi: kinachoanza baada ya hapo, au kinachokataa kuisha, huitwa dhara la kuchelewa. La utumbo mara nyingi hujitokeza ndani ya miaka miwili ya mwanzo. La kibofu linaweza kungoja miaka 10 na zaidi, mtu ameshasahau hata jina la daktari aliyemtibu.

Ndani yake kunatokea hivi: mishipa midogo ya damu inaziba polepole, nyama inakosa oksijeni, inakakamaa kama ngozi ya ngoma. Juu yake vinaota vimishipa vipya, vyembamba, vinavyopasuka hata kwa choo kigumu. Na hapo ndipo penye kazi: nyama hiyo ukiichana, haina damu ya kutosha ya kujifunga tena. Kidonda ambacho kwa mtu mwingine kingepona kwa siku kumi, kwake kinaweza kugeuka shimo. Kwa hiyo mimi hupanga dawa zote za ugonjwa huu kwa swali moja: ipi inaigusa nyama kidogo zaidi? Hiyo ndiyo ya kuanza nayo, na ile inayochoma au kukata inangoja zamu yake.

Kuna mambo mawili ya kumaliza kabla ya kuchagua chochote. La kwanza ni kujua kama saratani imerudi, maana damu, maumivu, mkojo unaovuja na figo iliyovimba vyote vinaweza kuwa saratani au mionzi. Hapa uchunguzi ni lazima, na daktari aliyezoea ndiye anayepima. La pili ni ripoti ya mionzi. Uliza dozi ya nje ilikuwa ngapi (mara nyingi ni grei, yaani kipimo cha mionzi, 45 hadi 50, zikigawanywa siku 25 hivi), na kama kulikuwa na mionzi ya ndani, ile inayowekwa ukeni. Uliza pia ni mashine gani. Waliotibiwa hospitali ya Mulago, Uganda, kabla ya 2016 walitibiwa kwa mashine ya kobalti iliyonunuliwa 1995, ambayo ilikufa mwaka huo na kuacha nchi nzima bila mionzi. Mashine za namna ile zilimwaga dozi nyingi kwenye utumbo na kibofu kuliko hizi mpya. Bila ripoti, daktari anakisia.

Na onyo moja ambalo nalirudia kwa kila daktari kijana anayekuja kwetu: ukiingiza kamera na kuona ukuta wa mbele wa utumbo wa mwisho umepauka, una vimishipa kama buibui, usikate kipande cha kupima bila sababu nzito. Ukuta huo uko mgongo kwa mgongo na uke. Kitundu kidogo cha biopsi kimewahi kuwa mlango kati ya viwili hivyo.

Damu kwenye choo kikubwa

| Njia | Inafaa lini | Ubaya wake |
|---|---|---|
| Kulainisha choo na kungoja | damu chache, hemoglobini (wingi wa damu mwilini) nzuri | inataka uvumilivu |
| Sukralfati ya kupitishia nyuma | damu ya kila siku, mgonjwa bado ana nguvu za kusimama | wiki nyingi, usumbufu |
| Formolini (dawa ya maji inayochoma) | damu inayorudisha mtu kuongezwa damu | vidonda, njia kuwa nyembamba |
| Argoni (gesi inayochoma kwa umeme) | kama hiyo, palipo na kamera na mtaalamu | mashine, umeme, kurudia |
| Kuufungulia utumbo kwenye ngozi ya tumbo | shimo, kuziba, damu isiyokoma | mfuko wa choo, huenda wa maisha |

Wengi wanaruka mstari wa kwanza kwa sababu hauonekani kama dawa. Lakini damu kidogo ya mionzi, kwa watu wengi, hupungua yenyewe baada ya mwaka au miaka miwili. Kama hemoglobini haishuki, kulainisha choo, kuacha dawa kama aspirini na diklofenaki (tunazimeza huku kama karanga), na kupima damu kila mwezi kunatosha. Mama wa kitenge hakuwa hapo. Hemoglobini yake ilikuwa 7.

Sukralfati ndiyo ninayoipenda, na sioni aibu kusema. Ni kidonge cha vidonda vya tumbo, kinapatikana kwenye famasi nyingi mjini, na hakichomi wala hakikati. Kinajipaka juu ya kidonda kama chokaa juu ya ukuta. Utafiti mmoja wa India uliochapishwa 1991 uliiweka sukralfati ya kupitishia nyuma kando ya sulfasalazini ya kumeza pamoja na prednisoloni ya kupitishia nyuma, na sukralfati ikashinda. Matibabu ya steroidi, kama hiyo prednisoloni, kwa ugonjwa huu bado naona yanaandikwa, kwa mazoea tu nadhani, kwa vile utumbo unaotoka damu unawakumbusha watu magonjwa mengine.

Inafanywa hivi. Vidonge viwili vya gramu 1 vinasagwa kwenye kinu kidogo hadi viwe unga. Unga unachanganywa na maji ya uvuguvugu, mililita 20 hadi 50, hadi yawe kama uji mwembamba wa mtoto. Unavuta kwa bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano, lenye sondi laini ya mpira iliyopakwa mafuta. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto. Sondi inaingia sentimita chache tu, polepole, na ikikwama huisukumi. Baada ya hapo anageuka: ubavu, mgongo, ubavu mwingine, dakika chache kila upande, ili dawa ipake pande zote. Anaizuia kadiri awezavyo. Asubuhi na jioni, wiki nne kwenda mbele. Siku za kwanza nusu yake hutoka kwenye kitanda, tandika nailoni.

Formolini na argoni huwekwa pamoja kwa sababu zote mbili zinachoma vimishipa. Argoni ni gesi inayopitishwa kwenye kamera na kuwashwa kwa umeme; daktari anaona anachochoma, doa kwa doa, na mara nyingi inatakiwa zaidi ya kikao kimoja. Lazima utumbo wote usafishwe kwa dawa ya kunywa kabla, siyo kwa enema (maji ya kupitishia nyuma) tu, maana gesi za utumbo zinaweza kulipuka. Simwambii mtu haya kumtisha; ni la kumuuliza daktari kabla ya kulala pale kitandani.

Formolini haihitaji mashine yoyote, na kwa mji kama wetu huo ni uzito mkubwa upande wake. Pamba au shashi iliyoloweshwa inashikwa juu ya sehemu inayovuja kwa dakika mbili tatu hadi damu ikatike, kisha inasuuzwa, na ngozi ya nje inakuwa imepakwa vaselini ili isiungue. Chumba cha upasuaji, ganzi, daktari. Tatizo ni chupa. Dawa inayotumika ina asilimia 4 ya formaldehidi, ambayo ndiyo dawa yenyewe iliyomo kwenye formolini. Chupa ya formolini inayouzwa ikiwa nzito ina asilimia 37 hivi, na ile ya maabara ya kuhifadhia vipande, iliyoandikwa "10%", ndiyo yenye asilimia 4 kwa kweli. Soma tena sentensi hiyo kama wewe ndiye unayemimina. Nimeona, katika hospitali ambayo siitaji, mtu akibishana na chupa hiyo kwa dakika nzima huku mgonjwa amelala tayari, na afadhali alibishana.

Ningechagua ipi kati ya hizo mbili? Palipo na mtaalamu wa kamera anayefanya argoni kila wiki, argoni, maana inagusa doa tu na kuacha pembeni. Palipo na daktari wa upasuaji makini na hakuna kamera, formolini, mara moja, kisha kungoja wiki kadhaa kabla ya kufikiria ya pili. Kabla ya zote mbili, sukralfati, isipokuwa damu inamwagika.

Kisha kuna chumba cha oksijeni ya shinikizo, ambacho ndugu walioko Ulaya hukitaja kwenye simu kila mara. Mgonjwa anakaa ndani ya chumba kilichofungwa, anavuta oksijeni safi kwa shinikizo la mara mbili na zaidi ya hewa ya kawaida, dakika 90 hivi, vikao 30 hadi 40. Ni dawa ya pekee katika orodha hii inayolenga kurudisha mishipa ya damu. Kwa utumbo, matokeo yanagongana: utafiti wa Uingereza wa 2016, ambapo kundi moja liliwekwa kwenye chumba cha kuigiza tu, haukuona tofauti. Kwa hiyo kama ndugu anataka kuuza kiwanja cha Bagira ili mama apelekwe Afrika Kusini kwa ajili ya damu ya choo, mimi ningemshika mkono. Kwa kibofu ningejibu kwa namna nyingine, nafika hapo sasa.

Damu kwenye mkojo

Kwanza pima maambukizi na tibu, ni rahisi na yanasahauliwa. Damu ikiganda na mkojo kukwama, hapo hakuna kuchagua: sondi nene ya njia tatu, mabonge yanavutwa kwa bomba kwa mkono hadi yaishe yote, ndipo maji ya chumvi yapitishwe mfululizo. Wengi hufungua maji kabla ya kumaliza mabonge, kibofu kinajaa kama puto na mama anapiga kelele. Dawa za kukausha damu zina mtego wake pia, kwa kuwa zinaweza kufanya mabonge yawe magumu zaidi humo ndani.

Yakishindikana, njia zinazobaki ni kuosha kwa shabu iliyoyeyushwa, asilimia 1, ambayo haihitaji ganzi lakini haifai kwa mwenye figo mbovu kwa sababu ya aluminiamu; kuchoma kwa kamera ya kibofu; na formolini ndani ya kibofu, ambayo naiweka mwisho kabisa. Inafanywa kwa dawa ya usingizi, na baada tu ya kuhakikisha kwa picha kwamba mkojo haurudi juu kwenye figo. Inaweza kukigeuza kibofu kuwa kikopo kidogo kigumu.

Chumba cha oksijeni hapa kina hoja nzuri zaidi: utafiti wa nchi za kaskazini ya Ulaya uliochapishwa 2019 uliona dalili za kibofu zikipungua kwa waliotibiwa hivyo. Kama pesa na njia vipo, na damu ya kibofu inarudi rudi, hapa ningesema nenda.

Mkojo unaovuja ukeni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu niko Bukavu.

Mji huu unaijua fistula, shimo linalovujisha mkojo au choo ukeni, kuliko miji mingi duniani. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999, imeshona wanawake kwa maelfu, na Daktari Mukwege, mwanzilishi wake, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Kwa hiyo mama aliyepigwa mionzi akianza kuvuja mkojo, watu wa nyumbani tayari wana jina na wana anwani: "Ni fistula, utashonwa, utapona." Na wanawake wa kuzaa na wa kubakwa kweli wameshonwa, na wengi mno wamepona. Yeye anangoja hilo hilo.

Shimo linafanana kwa macho. Kipimo ni kile kile pia: pamba tatu ndani ya uke, rangi ya buluu ya methileni kupitia sondi hadi kibofuni, kisha pamba zinatolewa moja moja. Ya katikati ikiwa ya buluu, kibofu kinavuja. Zikilowa maji bila rangi, mrija wa figo, ule unaoshusha mkojo hadi kibofu, ndio uliotoboka. Ni mchana mmoja wa kazi, na mgonjwa mwenyewe anaona rangi.

Tofauti iko pembezoni mwa shimo. Fistula ya kuzaa ilitokana na kichwa cha mtoto kukandamiza kwa siku mbili tatu. Sehemu moja ilikufa, nyama ya jirani ni hai, ukivuta pembe zikutane zinashikana. Fistula ya mionzi, jirani zote zimeungua. Ukishona ukingo kwa ukingo unashona karatasi iliyolowa. Na ukishona ukashindwa, shimo linarudi kubwa kuliko la kwanza. Kabla ya yote, hapa biopsi ya ukingo inafanywa, maana shimo tayari lipo na saratani iliyorudi hujificha hapo hapo.

Basi, kushona au kugeuza njia?

Kushona ni kwa mama ambaye shimo ni dogo, saratani haipo, na imepita miezi 6 hadi 12 nyama ikatulia. Hata hivyo kushona peke yake hakutoshi. Lazima aletewe nyama yenye damu kutoka mahali ambapo mionzi haikufika sana: mafuta ya shavu la uke, au msuli wa paja la ndani, uwekwe katikati kama kiraka kati ya kuta mbili. Muulize daktari swali hili moja: "Utaleta nyama kutoka wapi?" Asiye na jibu asimguse.

Kugeuza njia ni kuacha shimo lilivyo na kuupitisha mkojo au choo pengine. Choo kinatolewa tumboni, kwenye mfuko. Mkojo unaelekezwa kwenye kipande cha utumbo kinachofunguka tumboni. Mama akisikia "mfuko" analia, na ndugu wanasema daktari ameshindwa. Mimi nimeona kinyume chake mara za kutosha. Mwanamke anayevuja choo ukeni halali, haendi kanisani, hapandi teksi. Baada ya wiki mbili na mfuko wa tumboni, ngozi imepona, harufu imekwisha, anauza tena sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Na mfuko haufungi mlango wa kushona baadaye. Mara nyingi ndio unaoufungua, kwa sababu sehemu inapumzika. Ila uulize kabla ya upasuaji mifuko itatoka wapi kila mwezi, na nani atalipa. Wanaopasua husahau jambo hilo, kwa kuwa wao hawatakuwa nyumbani kwako saa nne usiku mfuko ukiachia.

Kwa shimo la choo, mimi binafsi ningesema: geuza kwanza, shona baadaye kama kutakuwa na baadaye. Kwa la mkojo, kama ni dogo na mshonaji ana kiraka, jaribu mara moja. Mara ya tatu sitakubali.

Mrija wa figo ulioziba

Huu ni ugonjwa wa kimya. Hakuna damu, pengine hakuna hata maumivu. Mama anachoka, anatapika asubuhi, miguu inavimba, wanamtibu malaria. Ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ya figo na kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), vipimo viwili vya kawaida, vinaonyesha kila kitu. Mimi ningevifanya kila mwaka kwa kila aliyepigwa mionzi ya nyonga, hata anayecheza ngoma.

Kuna njia mbili za kufungua, na uchaguzi wake unategemea maisha ya mtu kuliko unavyotegemea tiba.

JJ ni kijimpira kinachokaa ndani, kutoka figo hadi kibofu. Hakionekani, mume hakioni, unaoga, unasafiri. Lakini kinabadilishwa kila miezi 3 hadi 6, na kikisahaulika kinaota mawe juu yake hadi kuking'oa kunakuwa upasuaji. Na kwenye mrija uliokakamazwa na mionzi mara nyingine hakipiti kabisa.

Nefrostomi ni mpira unaotoka mgongoni moja kwa moja kwenye figo, na mfuko wake. Unawekwa kwa ekografi na ganzi ya ngozi tu, na ukiziba unaona mwenyewe kwamba mfuko ni mkavu. Nao unabadilishwa, kila miezi 3 hivi.

Sasa fikiria mama wa Bukavu. Unawajua wale wanaopanda kutoka bandarini na magunia, kamba ikiwa kwenye paji la uso na mzigo umelala mgongoni, chini kidogo ya mbavu. Ndipo hapo hapo nefrostomi inapotokea. Nilimwona mmoja aliyerudi siku ya tisa, mpira umeng'oka, akaniambia alibeba "kidogo tu", makaa nusu gunia. Kwa mwanamke anayeishi kwa mgongo wake ningepigania JJ, na ningeandika tarehe ya kuibadilisha kwa kalamu nene kwenye ukuta wa chumba chake. Kwa anayeishi mbali, kijijini, barabara ikifungwa na mvua au na bunduki, JJ iliyosahaulika inanitia hofu kuliko mpira anaouona kwa macho. Mwenye homa na figo iliyoziba hana nafasi ya kuchagua: usiku ule ule, inayopatikana kwanza.

Maumivu ya kiuno

Mama anaumia chini ya mgongo na matakoni, akisimama inazidi, akilala inapoa. Watu wanasema saratani imeingia mifupani. Inawezekana. Lakini mionzi hudhoofisha mfupa wa nyonga, hasa kwa waliokoma hedhi, na mfupa hupata nyufa bila kuanguka popote. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haioni. Inayoona vizuri ni IRM, picha ya sumaku ambayo wengine huiita MRI. Kosa kubwa ni kuuita ufa saratani na kuupiga mionzi tena. Ufa unatibiwa kwa dawa ya maumivu, vitamini D, kalsiamu (sambaza wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia), na kuacha mizigo kwa miezi, huku akitembea kidogo kila siku. Kulala kitandani moja kwa moja kunadhoofisha mfupa zaidi.

Mishipa ya fahamu ya miguu kudhoofika ni nadra zaidi. Ganzi na udhaifu vikitangulia bila maumivu makali, fikiria mionzi, na maumivu makali yakitangulia, tafuta saratani. Uke kusinyaa si nadra hata kidogo na una dawa zake. Ila nitasema, kwa akina mama wanaonong'ona mlangoni wakitoka: vifaa vya kupanulia vipo, ulizeni bila haya.

Hapa au ng'ambo?

Kutoka Bukavu unavuka Ruzizi, unapanda basi Kamembe, unapita msitu wa Nyungwe, unafika Kigali mchana umekwisha. Kanombe wanatoa mionzi tangu 2019, na walikotibu ndiko walikohifadhi faili lako. Wa Lubumbashi wana mpaka wa Kasumbalesa na hospitali ya saratani ya Lusaka, Zambia, iliyofunguliwa 2007. Safari hiyo ni ya lazima kwa swali la saratani kurudi, kwa argoni, kwa upasuaji wa kugeuza mkojo. Kwa sukralfati, kuosha kibofu, kreatinini na ekografi, siyo lazima; unachohitaji ni mtu wa hapa anayejua anachofanya.

Na huyo mtu si lazima awe bingwa. Waingereza walichapisha 2013 utafiti wa wagonjwa 218 wenye matatizo ya tumbo baada ya mionzi ya nyonga. Kundi moja lilipewa kijitabu, la pili likaonwa na daktari bingwa wa tumbo, la tatu na muuguzi, wote wawili wakifuata mwongozo mmoja wa hatua kwa hatua. Waliofuata mwongozo waliendelea vizuri kuliko wenye kijitabu, na wagonjwa wa muuguzi hawakuachwa nyuma na wa daktari. Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye chumba cha dawa.

Mama wa kitenge aliongezwa damu chupa mbili, akaanza sukralfati. Binti yake wa miaka 19 ndiye aliyeshika bomba. Wiki ya kwanza waligombana kila asubuhi kwa sababu ya aibu, wiki ya pili wakawa wanasikiliza redio pamoja wakati wa kugeuka ubavu. Wiki ya saba alirudi kwangu, hemoglobini 9.6, damu ikiwa mstari tu juu ya choo mara mbili kwa wiki. Argoni tumeiweka akiba. Alifungua tena sashe ile nyeusi, nami nikajiandaa kuona kitenge. Akatoa ripoti ya mionzi kutoka Kanombe, kurasa tatu, aliyomtuma shemeji yake kuichukua, ikiwa ndani ya plastiki ya daftari la shule pamoja na kadi yake ya uchaguzi.

"Hii niache kwako?" akauliza.

Nikaipiga picha kwa simu, nikamrudishia.